Castro, mtaa uliojengwa na waliofukuzwa kwao

Mwaka 1972 wanawake wawili, Mary Ellen Cunha na Peggy Forster, walichukua baa iliyokuwa kwenye kona ya barabara za Castro na Market mjini San Francisco, Marekani, wakaiacha na madirisha mapana ya vioo visivyozibwa. Mpita njia aliweza kuona nani yumo ndani, anakunywa nini na ameketi na nani. Kwa baa nyingine lisingekuwa jambo la kuzungumzwa. Lakini Twin Peaks Tavern ilikuwa baa ya wapenzi wa jinsia moja, na baa za namna hiyo zilizoea kupaka vioo rangi nyeusi au kuziba madirisha kabisa, kwa sababu kuonekana ndani kulitosha kumfukuzisha mtu kazi. Polisi walivamia, wakakamata, wakaandika majina, na kuna magazeti yaliyoyachapa majina hayo.

Baa hiyo ingalipo, na vioo vyake vingalipo. Mwaka 2013 jiji liliitangaza kuwa jengo la kumbukumbu ya kihistoria. Watalii husimama nje kupiga picha, kisha huvuka barabara kutazama bendera kubwa ya upinde wa mvua. Wengi huishia hapo, na huondoka wakidhani wameuona mtaa wa Castro. Kilichoufanya mtaa huu uwe na maana duniani hakionekani kwenye picha. Ni ujirani: watu waliokataliwa na jeshi, na kanisa, na wazazi wao, walikusanyika katika barabara chache wakafanyiana yale ambayo kwa kawaida mtu hufanyiwa na ukoo wake. Waliajiriana, walipigiana kura, waliuguzana na walizikana.

Nyumba zilizoachwa

Zamani eneo hili liliitwa Eureka Valley. Liko chini ya vilima viwili vya Twin Peaks, na hadi karibu na mwisho wa karne ya 19 lilikuwa pembezoni mwa mji. Mwaka 1887 tramu za kuvutwa kwa kebo zilianza kupanda Castro Street, na watu wa kipato cha kawaida wakapata njia ya kuishi huku na kufanya kazi kule mjini. Wengi wao walikuwa Waairishi, Wajerumani na watu wa Skandinavia. Walijenga nyumba za mbao zenye nakshi na madirisha yaliyochomoza nje, zile zile ambazo leo huuzwa kwa mamilioni ya dola. Mwaka 1900 ilianzishwa parokia ya Kikatoliki ya Most Holy Redeemer. Mwaka 1922 likafunguliwa jumba la sinema la Castro Theatre, kazi ya mbunifu Timothy Pflueger. Barabara yenyewe ilipewa jina la José Castro, kiongozi wa Kimeksiko aliyepinga Marekani kuichukua California.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtaa ulianza kupwaya. Serikali ya Marekani iliwadhamini askari waliorudi vitani wapate mikopo ya nyumba, na nyumba mpya zilikuwa zikijengwa nje ya miji, kando ya barabara kuu. Kazi za bandarini nazo zilihamia Oakland, ng'ambo ya ghuba. Vijana wa Eureka Valley walipooa walihama. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia kubwa zilikuwa na wazee wachache ndani yake, na kodi ilikuwa nafuu.

Walionufaika na bei hiyo walikuwa na historia yao wenyewe na vita hivyo. San Francisco ilikuwa bandari kuu ya majeshi yaliyopelekwa Bahari ya Pasifiki. Wanajeshi wapatao 9,000 waliotuhumiwa kupenda watu wa jinsia yao waliachishwa jeshi wakati wa vita kwa hati iliyochapwa kwenye karatasi ya buluu. Hati hiyo ilimfunga mtu maisha yake yote. Mwajiri akiiona alijua maana yake, na idara ya askari wastaafu iliwanyima wenye hati hizo ile mikopo na ada za masomo walizopewa wenzao. Kijana wa aina hiyo angerudije kijijini kwao Kansas akiwa na karatasi ya buluu mkononi? Wengi walioshushwa San Francisco walibaki San Francisco. Kwa hiyo sera za serikali zilifanya mambo mawili kwa pamoja: ziliwasaidia Waairishi kuhama Eureka Valley, na ziliwakusanya mjini humo watu ambao baadaye wangekuja kuzikalia nyumba zao.

Mapambano kabla ya Castro

Haki haikuanza kudaiwa Castro. Katika baa ya Black Cat, Montgomery Street, mhudumu na mwimbaji José Sarria aliwaburudisha wateja huku akiwahimiza wasijionee aibu. Mmiliki wa baa hiyo alipigania leseni yake hadi Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 1951 mahakama ikaamua kwamba kukusanyika tu kwa wapenzi wa jinsia moja katika baa hakutoshi kuwa sababu ya kuifunga. Mwaka 1961 Sarria aligombea udiwani wa jiji bila kuficha alivyo, akiwa mtu wa kwanza kufanya hivyo katika historia ya Marekani. Hakushinda, lakini alipata kura zaidi ya 5,000, na wanasiasa wakazihesabu.

Wanawake nao walikuwa kazini. Mwaka 1955 Del Martin na mwenzi wake Phyllis Lyon walishirikiana na wanawake wengine wachache kuanzisha Daughters of Bilitis, chama cha kwanza cha kitaifa cha wanawake wanaopenda wanawake nchini Marekani. Kilianza kama mahali pa kukutana bila hofu ya polisi, kikaishia kuwa na jarida na matawi katika miji mingine.

Mwezi Agosti 1966, katika mtaa maskini wa Tenderloin, watu waliozaliwa wakihesabiwa wanaume lakini wakiishi kama wanawake walichoka kukamatwa kila usiku. Polisi mmoja alipotaka kumkamata mteja katika mkahawa wa Compton's Cafeteria, alimwagiwa kahawa usoni. Vikombe na viti vikaruka, na vioo vya mkahawa vikavunjwa. Hayo yalitokea miaka mitatu kabla ya ghasia za Stonewall za New York, ambazo ndizo dunia inazozikumbuka.

Eureka Valley ilipata baa yake ya kwanza ya wapenzi wa jinsia moja, Missouri Mule, mwaka 1963. Miaka minne baadaye maelfu ya vijana walifurika mtaa jirani wa Haight-Ashbury kufuata muziki na maisha ya uhuru, na mtaa huo ulipochafuka kwa dawa za kulevya, baadhi yao walivuka kilima kutafuta utulivu na kodi ya chini. Walinunua nyumba zilizochakaa, wakazipaka rangi, wakafungua maduka ya vitabu, nguo na maua. Wenyeji waliitazama hali hiyo kwa mashaka. Chama cha wafanyabiashara wa Eureka Valley kiliwakataa wageni hao kuwa wanachama.

Mwenye duka la kamera

Mwaka 1973 mtu mmoja kutoka New York, Harvey Milk, alifungua duka la kamera na kusafisha picha katika namba 575 Castro Street akishirikiana na mwenzi wake, Scott Smith. Milk alizaliwa mwaka 1930, alikuwa mwanamaji wa jeshi la Marekani, akawa mwalimu, kisha akafanya kazi ya fedha Wall Street. Biashara ya kamera haikumtajirisha. Duka lake likageuka kijiwe cha mtaa, na kijiwe kikageuka ofisi ya kampeni.

Wafanyabiashara wa zamani walipowakataa wapya, Milk aliwaongoza wapya kuunda chama chao, Castro Village Association. Mwaka 1974 waliandaa gulio la mtaani, na watu wapatao 5,000 walihudhuria. Wauzaji wa zamani waliona siku hiyo moja wameuza kuliko walivyozoea, wakaanza kulegea. Milk alielewa kwamba mtu atakayekukataa kanisani anaweza kukukubali dukani, na ukishaingia dukani mazungumzo mengine yanawezekana.

Mfano mzuri zaidi ni wa bia. Allan Baird, kiongozi wa chama cha madereva wa malori aliyekuwa mkazi wa Castro, alikuwa akiongoza mgomo dhidi ya kampuni za bia. Baird hakuwa mpenzi wa jinsia moja. Alikuwa mtoto wa mtaa huo huo wa zamani. Alimfuata Milk kumwomba baa za Castro zisusie bia ya Coors. Milk alikubali kwa sharti moja: madereva wanaopenda wanaume waajiriwe kwenye malori hayo. Baird akatimiza ahadi, na baa zikaacha kuuza Coors. Tangu hapo vyama vya wafanyakazi, ambavyo watu wengi walivihesabu kuwa maadui wa watu wa Castro, vikaanza kumpigia debe mwenye duka la kamera.

Milk aligombea udiwani mwaka 1973 akashindwa, akarudia mwaka 1975 akashindwa, akajaribu ubunge wa jimbo mwaka 1976 akashindwa tena. Kilichobadilika baadaye ni utaratibu wa kupiga kura. Zamani kila diwani alichaguliwa na jiji zima, jambo lililowapa nguvu matajiri na waliokwisha kujulikana. Mwaka 1976 wananchi walipitisha uchaguzi wa kata kwa kata. Novemba 1977 Milk alishinda Kata ya 5. Katika uchaguzi huo huo Ella Hill Hutch alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la madiwani, na Gordon Lau Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya China. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya watu wa mtaani uliwapitisha wengi kwa pamoja.

Milk alikaa madarakani miezi kumi na moja tu. Mwaka 1978 baraza lilipitisha sheria ya jiji ya kuzuia ubaguzi wa kazi na makazi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Diwani mmoja tu, Dan White, alipinga. Juni mwaka huo msanii Gilbert Baker na wenzake walipandisha kwa mara ya kwanza bendera ya upinde wa mvua, ikiwa na rangi nane zilizotiwa kwa mkono. Novemba, wananchi wa California walipiga kura juu ya Pendekezo la 6, lililotaka walimu wanaopenda watu wa jinsia yao wafukuzwe shuleni. Milk alizunguka jimbo zima akiwaambia wenzake wajitokeze kwa wazazi, kwa majirani na kwa wafanyakazi wenzao, kwani aliamini ni vigumu kumpigia kura ya chuki mtu unayemfahamu. Pendekezo lilianguka kwa asilimia 58 dhidi ya 42.

Wiki tatu baadaye, tarehe 27 Novemba 1978, Dan White, aliyekuwa amejiuzulu kisha akataka arudishiwe kiti chake, aliingia makao makuu ya jiji kupitia dirishani akiwa na bastola. Alimuua Meya George Moscone ofisini kwake, akapita kwenye ukumbi, akamuua Milk. Milk alikuwa na umri wa miaka 48. Usiku huo makumi ya maelfu ya watu walitembea kutoka Castro hadi makao makuu ya jiji wakiwa na mishumaa, karibu kimya kabisa.

Ukimya huo haukudumu. Tarehe 21 Mei 1979 mahakama ilimtia White hatiani kwa kosa dogo kuliko mauaji ya kukusudia. Alikaa gerezani miaka mitano hivi. Habari zilipofika Castro, watu walirudi makao makuu ya jiji wakavunja vioo na kuchoma magari ya polisi. Baadaye usiku huo polisi walikwenda Castro, wakaivamia baa ya Elephant Walk na kuwapiga wateja ambao hawakuwa wamefanya lolote. Kesho yake ingekuwa siku ya kuzaliwa ya Milk. Jiji lilijiandaa kwa ghasia nyingine, lakini maelfu waliokusanyika Castro Street walicheza muziki na kuimba hadi usiku bila jiwe kurushwa.

Picha dirishani mwa duka la dawa

Mwaka 1981 kijana mmoja muuguzi, Bobbi Campbell, aligundua madoa ya zambarau miguuni mwake. Ilikuwa saratani ya ngozi iitwayo Kaposi, ambayo hadi wakati huo ilijulikana kwa wazee. Alipiga picha madoa yake na kuzibandika kwenye dirisha la duka la dawa la Star Pharmacy, Castro Street, ili wapita njia wajitazame na wao. Serikali ya Marekani ilikuwa imetoa taarifa ya kwanza ya ugonjwa huo mwezi Juni mwaka huo, kuhusu wagonjwa watano wa Los Angeles. Jina la UKIMWI lilikuwa bado halijatungwa. Campbell alifariki mwaka 1984.

Yaliyofuata ni msiba ambao mitaa michache ya nchi yoyote tajiri imewahi kuuona wakati wa amani. Karibu watu 20,000 wa San Francisco wamekufa kwa UKIMWI. Castro ilikuwa katikati. Gazeti la mtaani, Bay Area Reporter, lilichapa tanzia kila wiki, kurasa kwa kurasa, nyingi zikiwa za wanaume wenye umri wa miaka thelathini na kitu. Wenye nyumba wengine waliwatoa wapangaji wagonjwa. Wazazi wengine walikataa kuja kuwaona watoto wao, na wengine walikuja kuchukua maiti na kumfukuza mwenzi wa marehemu msibani.

Hapo ndipo ujirani wa Castro ulipopimwa, na haukupungukiwa. Julai 1983 Hospitali Kuu ya San Francisco ilifungua Wodi 5B, wodi ya kwanza ya aina yake nchini Marekani kwa wagonjwa wa UKIMWI, ikiandaliwa na muuguzi Cliff Morrison. Wauguzi wote waliomba wenyewe kufanya kazi huko. Wakati wahudumu wengine waliacha sahani za chakula mlangoni kwa hofu, hawa waliwashika wagonjwa mikono bila glavu, waliwakumbatia, waliketi vitandani mwao. Walibadilisha pia sheria ya kutembelea wagonjwa: mgonjwa mwenyewe ndiye aliyesema ndugu yake ni nani. Uamuzi huo mdogo uliwarudishia wenzi na marafiki haki ya kukaa na wapendwa wao hadi pumzi ya mwisho.

Nje ya hospitali, watu wa kujitolea wa Shanti Project walifua, walipika na kusikiliza. Mwaka 1985 bibi mmoja mstaafu, Ruth Brinker, alianza kupika chakula jikoni kwake kwa ajili ya wagonjwa saba ambao hawakuwa na nguvu ya kusimama mbele ya jiko. Kazi hiyo ikazaa shirika la Project Open Hand, linalolisha wagonjwa hadi leo. Wanawake wanaopenda wanawake, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiwalaumu wanaume wa Castro kwa kuwapuuza, walijitokeza kwa wingi kuuguza. Fimbo ya mbali haiui nyoka: ndugu wa Ohio au Texas, hata waliokuwa na upendo, hawakuweza kuleta uji saa nane za usiku. Jirani wa ghorofa ya chini aliweza.

Hata ile parokia ya Most Holy Redeemer iliingia kazini. Ilikuwa imebaki na waumini wachache, wengi wakiwa wazee wa Kiairishi. Mwaka 1985 ilianzisha kikundi cha kuwasaidia wagonjwa, na mwaka 1987 nyumba yake ya zamani ya watawa ikafunguliwa kuwa Coming Home Hospice, mahali pa kuwatunza wanaokaribia kufa. Kanisa Katoliki halikubadili mafundisho yake. Lakini katika mtaa huo bibi wa Kiairishi na kijana aliyefukuzwa na mama yake walijikuta kwenye benchi moja, na mara nyingi katika mazishi yale yale.

Tarehe 27 Novemba 1985, katika maandamano ya mishumaa ya kuwakumbuka Milk na Moscone, Cleve Jones, aliyewahi kuwa msaidizi wa Milk, aliwaomba waandamanaji waandike kwenye mabango majina ya marafiki waliokufa kwa UKIMWI. Waliyabandika kwenye ukuta wa jengo la serikali kuu. Jones aliutazama ukuta huo akaona blanketi la viraka, kama lile ambalo mabibi hushona kwa vitambaa vilivyobaki. Wazo hilo likawa kazi: kila marehemu ashonewe kitambaa chenye urefu wa futi sita na upana wa futi tatu, kipimo cha kaburi. Oktoba 1987 vitambaa 1,920 vilitandazwa katika uwanja mkuu wa Washington. Leo vimefika karibu 50,000, vina uzito wa tani 54 na majina zaidi ya 100,000. Vimo vilivyoshonwa kwa nguo za marehemu mwenyewe: fulana, tai, sare ya kazi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa uzito wa miaka hiyo. Mwaka 1983, mwaka ule ule ilipofunguliwa Wodi 5B, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa, nchini Uganda, baada ya mumewe kufariki na familia yake kuonja unyanyapaa. Mwaka 1989 likaanzishwa shirika kama hilo, WAMATA, nchini Tanzania. Kampala, Dar es Salaam na Castro hazikuwa zimeelekezana, lakini zilifikia jibu moja: wagonjwa na walioachwa na wagonjwa ndio waanze kazi, wasisubiri. Baadaye njia hizo zilikutana kweli. Daktari Diane Havlir, anayeongoza idara ya VVU katika hospitali ile ile ya San Francisco, aliongoza pamoja na watafiti wa Kenya na Uganda utafiti wa SEARCH katika jamii 32 za vijijini za nchi hizo, uliopeleka upimaji na dawa za VVU hadi kwa watu majumbani pamoja na upimaji wa shinikizo la damu na kisukari.

Mwaka 1996 dawa mseto zilianza kuwanyanyua wagonjwa vitandani. Tarehe 13 Agosti 1998 Bay Area Reporter lilitoka na kichwa cha habari kilichotangaza kwamba wiki hiyo hakuna tanzia hata moja iliyoletwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu janga kuanza.

Ambao mtaa haukuwatosha

Kuipenda Castro hakumzuii mtu kusema kasoro zake. Mtaa ulipostawi miaka ya 1970 ulikuwa hasa wa wanaume, weupe na vijana. Wanaume weusi walisimamishwa milangoni mwa baa wakadaiwa vitambulisho viwili au vitatu wakati weupe waliingia bila kuulizwa. Malalamiko hayo hayakuwa ya zamani tu: mwaka 2005 wachunguzi wa Tume ya Haki za Binadamu ya jiji walitoa taarifa kwamba baa moja ya mtaa huo iliwabagua wateja na waombaji kazi weusi. Waliopata kuonja kufungiwa mlango nao walijua kuufunga.

Hata hivyo sauti iliyoutangaza mji huo katika kumbi za disko duniani ilikuwa ya mtu mweusi. Sylvester, aliyelelewa katika kwaya ya kanisa la Kipentekoste Los Angeles, aliijaza nyumba ya opera ya San Francisco mwezi Machi 1979. Mwaka 1988, akiwa mgonjwa, alishiriki maandamano ya mwaka ya wapenzi wa jinsia moja akiwa kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na kundi la wanaoishi na UKIMWI. Alifariki Desemba mwaka huo, na mapato ya nyimbo zake aliyaachia mashirika yanayohudumia wagonjwa, likiwemo lile la Bibi Brinker.

Wanawake walijenga kwao kando, kuzunguka Valencia Street katika mtaa wa Mission, ambako mwaka 1979 walipata jengo lao wenyewe, Women's Building. Kabla ya hapo walikuwa na baa ya Maud's, iliyofunguliwa na Rikki Streicher mwaka 1966, wakati sheria ya California ilikuwa bado inawazuia wanawake walioajiriwa kuhudumu kaunta, hata ilimbidi aajiri wanaume kumimina vinywaji katika baa ya wanawake. Waliobadili jinsia walibaki Tenderloin, na mwaka 2017 jiji lilitambua sehemu ya mtaa huo kuwa eneo lao la kitamaduni. Castro ilipata hadhi kama hiyo mwaka 2019.

Leo tishio kubwa ni kodi ya nyumba. Mafanikio ya kampuni za teknolojia yamepandisha bei hadi muuguzi au mhudumu wa mkahawa hawezi tena kupanga nyumba Castro. Wazee walionusurika janga la UKIMWI, ambao hawakuweka akiba kwa sababu waliambiwa watakufa, wengine wameondolewa na wenye nyumba wanaotaka kuuza. Kijana anayekimbia nyumbani kwao na begi moja, yule ambaye mtaa huu ulikuwa kimbilio lake, sasa huishia kulala barabarani.

Kumbukumbu zenyewe zinalindwa kwa bidii. Jumba la makumbusho la historia ya wapenzi wa jinsia moja lilifunguliwa 18th Street mwaka 2011. Katika kijibustani cha Pink Triangle Park zimesimama nguzo 15 za mawe kwa ajili ya waliofungwa na kuuawa na utawala wa Hitler kwa sababu ya kupenda watu wa jinsia yao. Tangu mwaka 2014 vibao vya shaba vimepachikwa kwenye njia za waenda kwa miguu vikiwa na majina ya watu kama James Baldwin, Frida Kahlo na Bayard Rustin, mwandaaji wa maandamano makubwa ya Washington ya mwaka 1963. Lakini heshima inayotolewa na serikali inaweza pia kuondolewa: meli ya jeshi iliyopewa jina la Harvey Milk na kuzinduliwa mwaka 2021 ilivuliwa jina hilo mwaka 2025 kwa agizo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani.

Neno kwetu

Makala haya yatasomwa na watu wanaoishi katika nchi ambazo sheria zake zinawahukumu wapenzi wa jinsia moja kifungo, na nchini Uganda, tangu mwaka 2023, hata kifo kwa baadhi ya makosa. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba jambo hili haliongeleki. Historia ya Castro inatuonyesha gharama ya kutoongea. Ugonjwa ulipoingia, waliokuwa wamejificha ndio waliochelewa kupimwa, waliochelewa kutibiwa na waliokufa peke yao. Waliokuwa na jirani wa kumwambia ukweli walipata mtu wa kuwashika mkono.

Mtaa huo haukujengwa na serikali wala na mwekezaji. Uliwezekana kwa sababu maelfu ya familia ziliwafungia watoto wao mlango, na watoto hao wakaamua kutofungiana. Uwezo wao wa kuuguza, kupanga kampeni, kuanzisha maduka na kulisha wagonjwa ulikuwa mali ya vijiji na miji waliyotoka. Vijiji hivyo viliutupa, San Francisco ikauokota.

Kila mzazi anayesoma haya ana uamuzi ambao hauhitaji bunge wala mahakama. Mwanao akija kukwambia jambo usilolitarajia juu ya nafsi yake, unaweza usielewe, unaweza kuumia, unaweza kuhitaji miaka. Usimfukuze.